Chupa Iliyokwenda Houston

Novemba ya mwaka 2018 iliikuta Lewisville na nyanya ambazo hazikuwa na habari kwamba msimu umekwisha. Ndani ya grinihausi, nyuma ya nyumba ya Yasinta, ziliendelea kuiva kwa ukaidi, moja leo, mbili kesho, ndogo, zenye ngozi ngumu. Pilipili ndizo zilizokuwa zimeshikwa na wazimu kabisa. Miezi yote ya joto zilikaa zinadondosha maua tu, zinakula mbolea ya bure, na sasa baridi inapiga hodi ndipo zikaamua kuiva zote kwa mpigo.

Léoncie alikuwa akizichuma huku akizigombeza. "Mlikuwa wapi Julai? Mlikuwa wapi Agosti?" Ilikuwa Jumamosi alasiri. Hotelini alikokuwa akisafisha vyumba walikuwa wamempa siku ya kupumzika, na watabiri walishatangaza kwamba Jumatatu kutaganda. Kitakachokutwa kwenye shina siku hiyo kitakuwa cha kutupa.

Grinihausi yenyewe aliijenga Method, mume wa Yasinta, kwa mabomba ya plastiki na nailoni nzito. Method na Yasinta walikuwa Watanzania, watu wa ofisini, wenye nyumba na uwanja. Léoncie alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, akaletwa Texas pamoja na wakimbizi wenzake, na alikaa ghorofa ya pili kwenye nyumba za kupanga za mtaa wa nyuma, ambako hata chungu cha maua barazani kilinuniwa. Basi shoga hao wawili wakakubaliana: Yasinta atoe uwanja na maji, Léoncie atoe mikono, mavuno wagawane. Wikiendi hiyo Yasinta na mumewe walikuwa Houston kwenye harusi ya binamu, nao walimwachia Léoncie ufunguo wa nyumba.

Fungu lake la pilipili Léoncie alilitia kwenye mafuta. Kwa Warundi pilipili ya mezani haimiminwi, inadondoshwa. Inakaa kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba, na tone moja linatosha sahani nzima ya maharage. Asiyeizoea akidondosha mawili, shauri yake. Mwaka huu pilipili zilimzidi. Vichupa alivyonunua vilikwisha, sufuria ya mafuta mekundu imebaki nusu, naye akakumbuka kwamba kabatini ana vichupa vingine, vyeupe, vizuri, vyenye midomo ileile. Vilikuwa vya dawa ya macho. Salvator, mumewe, macho yalimwasha kila miti ya Texas ilipotoa vumbi lake, na kila alipomaliza kichupa Léoncie alikihifadhi. Mtu aliyekulia mahali ambapo kopo tupu la mafuta linagombaniwa hatupi chupa nzima yenye kifuniko chake. Alivichemsha, akabandua karatasi, akavijaza, akavipanga mezani kwake. Akajiona ana akili sana.

Simu ikalia mfukoni mwa aproni. Alikuwa Yasinta, na nyuma yake muziki na vicheko vya watu.

"Wewe Léoncie, umeniaibisha mbele ya mawifi zangu!"

"Nimefanya nini tena?"

"Hiyo pilipili uliyonipa ya kuja nayo. Nimejisifu hapa, nimewaambia subirini, hii ni ya Warundi, tone moja tu unaita mama. Wamedondosha kwenye nyama choma, wananiangalia. Haina kitu, shoga. Ni maji. Maji tena machungu, kama klorokwini."

Léoncie alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkwama. "Machungu?"

"Machungu. Wifi kasema labda imeharibika."

"Dondosha kiganjani, Yasinta. Ina rangi gani?"

Muziki uliendelea. Yasinta alirudi. "Haina rangi. Nimekwambia, ni maji."

Mafuta ya Léoncie yalikuwa mekundu kama damu ya kuku. Akasimama katikati ya mashina, ndoo ya pilipili mkononi, jua limeshalegea. "Msile hiyo. Mtupe nyama iliyodondoshewa. Yasinta, hiyo ni dawa ya macho ya Mzee Polycarpe."

"Ya nani?"

"Ya Mzee Polycarpe, wa Arlington! Na kama yake iko kwako, basi yeye amepelekewa..."

Hakumaliza. Ndoo ilimtoka mkononi, pilipili zikatawanyika chini.

Mzee Polycarpe alikuwa baba yake wa ubatizo. Kule kambini alikuwa katekista, na ndiye aliyemshika Léoncie begani siku anamwagiwa maji. Baba mzazi alipofariki, huyo ndiye akabaki kuwa baba. Walikuja Texas mwaka mmoja, ila yeye na mkewe Apolonia wakapangiwa Arlington. Masika yaliyopita Apolonia alifariki, na mzee akabaki peke yake na ugonjwa wa presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima zamani. La kulia, daktari alisema, linashikiliwa na dawa tu: tone moja kila jioni, asikose. Mzee aliahidi kwamba ataweka tone lake kila jua linapozama, ndipo aanze rozari, ili asisahau.

Dawa ilikuja kwa posta kwa Léoncie, kwa sababu visanduku vya barua vya kule kwa mzee vilikuwa vinavunjwa. Léoncie aliitoa kwenye boksi lake lenye maandishi yote, maana maboksi yale yalimsumbua mzee, akaiweka mezani, kisha akaitia kwenye mfuko pamoja na nyanya; safari hii mezani palikuwa pia na vichupa vya pilipili vinavyofanana nayo. Salvator aliubeba akienda kazini, kwenye ghala moja lililo karibu na kule. Alikuwa akiuning'iniza kwenye kitasa, anagonga mara mbili, anauliza kwa sauti, "Mzee, hujambo?", anasikia "Sijambo," anakimbilia zamu yake. Leo pia alipita. Mchana huo mfuko ulikuwa umeshafika, na ndani yake nyanya, na kichupa cheupe kilichojaa moto.

"Mpigie!" Yasinta alikuwa akipiga kelele Houston. "Mpigie sasa hivi!"

Alimpigia. Simu ya mzee ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake, kwa sababu ya matapeli wanaopiga kutwa. Akampigia Salvator ingawa alijua kwamba kule ghalani simu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Akapiga ofisi ya nyumba za kule kwa mzee, sauti ya mashine ikamwambia kwamba wikiendi hawapo. Alitazama nje ya nailoni. Jua lilikuwa limeshavuka mti wa jirani na linateremka.

Yasinta akapiga tena. "Mimi nita-call 911 wamwangalie. Nipe anwani yake, nitawaelezea. Wewe nenda."

"Niende na nini? Gari analo Salvator."

"Gari langu si lipo hapo garage? Sisi tumekuja na la Method. Ufunguo uko jikoni, kwenye msumari karibu na friji."

Léoncie akaanza kuokota pilipili moja moja.

Tuseme ukweli wake. Leseni alikuwa nayo, lakini ilikuwa leseni ya mtaani. Alikwenda nayo dukani, kanisani na kliniki, polepole, kwa njia za ndani, wenye haraka wakimpigia honi. Barabara kuu hakuwahi kuiendesha. Siku moja Salvator alijaribu kumfundisha, na walipofika pale ambapo njia ya kuingilia inajiunga na barabara, Léoncie aliona malori yanavyopita akafunga breki, akashuka, akazunguka gari na kuketi kiti cha abiria huku nyuma yao watu wanatukana. Toka siku hiyo mada ilifungwa. Na kwenda Arlington bila barabara kuu ni kufika usiku.

"Léoncie? Upo?"

"Naogopa, Yasinta."

"Najua. Weka simu kwenye speaker, nitaku-direct. Nenda, mama, jua linazama."

Akaenda. Hata aproni hakuivua. Gari la Yasinta lilikuwa kubwa kuliko lile alilolizoea, kiti kimekaa mbele, kioo kimeelekezwa kwa mtu mwingine, naye hakurekebisha chochote kwa kuwa angeanza kurekebisha angepata nafasi ya kughairi.  Alipofika kwenye mdomo wa barabara kuu, ile ya 121, malori yalikuwa yanapita mfululizo.

"Sasa kanyaga mafuta," Yasinta alisema kutoka kwenye kikombe cha kahawa alimoitegesha simu. "Usisimame. Ukisimama ndiyo hatari. Una-merge tu, wao watakupisha."

"Hawanipishi! Lipo lori!"

"Ni mbele au nyuma?"

"Ni ubavuni! Yezu wangu, ni ubavuni!"

"Kanyaga!"

Alikanyaga. Alifumba macho pia, jambo ambalo hakumwambia mtu baadaye, hata padri. Honi ndefu ilimpitia kichwani kama treni, gari likayumba, na alipofumbua macho alikuwa ndani ya barabara, katikati ya watu wanaokimbia, na yeye anakimbia nao. Alikuwa akilia. Hakujua alianza saa ngapi.

"Umeingia?"

"Nimeingia."

"Good. Sasa kaa hapohapo. Usihame leni mpaka nikwambie."

Alikaa hapohapo, ameshika usukani kama mtu aliyening'inia kwenye ukingo wa kisima. Jua lilikuwa upande wake wa kulia, linamwingia ubavuni mwa macho, na kila alipolitupia jicho aliliona limeshuka tena. Akalichukia. Akamwomba Mama Maria alishike kidogo, pale pale, kama alivyokuwa akiomba utotoni mvua isubiri nguo zianuliwe.

Hofu ya malori ilikuwa moja, lakini chini yake kulikuwa na nyingine iliyokuwa ikimtafuna vibaya zaidi. Alikuwa anajua pilipili ile inafanya nini machoni. Alipokuwa msichana aliitwanga akajisahau, akafikicha jicho kwa kidole tu, kidole kilichokuwa kimeshafutwa, na akabiringika uani akipiga mayowe mpaka majirani wakadhani kagongwa na nyoka. Hilo lilikuwa jicho zima la mtoto. Sasa alimwona mzee ameketi kitini, ameinua uso, amevuta kope kwa kidole chake kikavu, anasubiri tone. Aliona tone lenyewe, jekundu. Baada ya hapo hakutaka kuona, lakini akili haikumsikiliza.

"Watasema nimemtia sumu," alisema kwa sauti.

"Hakuna atakayesema hivyo. Concentrate. Ukiona kibao cha barabara ya 360 South, unakifuata hicho."

"Atasema nini Mungu? Mtu aliyenishika ubatizoni, mimi nimzimishe jicho?"

"Léoncie! Kibao!"

Ndege ilipita chini kabisa juu ya barabara, inakwenda kutua, tumbo lake jeupe likajaza kioo chote, na Léoncie akainama kama vile ingemgonga. Alipoinuka kibao kilikuwa kimefika. Akaikata njia bila kutazama pembeni, gari moja likamkwepa, dereva wake akafungua dirisha na kumpa maneno ambayo kwa bahati nzuri hakuyajua yote. Alikuwa kwenye 360.

"Nimewapigia wale watu kwa simu ya Method," Yasinta alisema. "Wamesema watatuma mtu akamgongee. Usi-panic, labda wameshafi..." Na hapo sauti ikakatika. Simu ilikuwa imeisha chaji.

Sehemu iliyobaki alikwenda peke yake. Hakuna lililomtia moyo. Aliongea na gari, akaongea na marehemu Apolonia, akamwambia, "Mama, mzuie mumeo, mwambie asubiri," na aliposikia sauti yake mwenyewe ikazidi kumwogopesha. Njia ya kutokea aliikumbuka kwa duka la magodoro lililokuwa kwenye kona. Alipoliona alipiga kelele ya furaha, akatoka barabarani, na akapita taa nyekundu moja ambayo hakuiona hata kidogo.

Nyumba za kupanga alizokaa mzee zilikuwa safu ndefu za matofali, milango yote kahawia, yote sawa. Jua lilikuwa limegusa mapaa. Léoncie aliacha gari limekaa mshazari, mlango wazi, akapanda ngazi mbio, aproni inampiga magotini.

Kwenye kitasa hakukuwa na mfuko.

Alikuwa ameomba njia nzima aukute unaning'inia. Mzee angekuwa amelala tu, au amepitiwa, mfuko uko nje, Léoncie anatoa kichupa, anakitia mfukoni mwa aproni na mambo yamekwisha. Lakini mfuko haukuwepo, na ndani hakukuwa na taa wala redio. Akagonga. Kimya. Akagonga kwa viganja viwili.

"Baba! Baba Polycarpe!"

Kimya tu. Aliweka sikio mlangoni akasikia damu yake mwenyewe. Akafikiri: amelala sakafuni, ameshika uso, maumivu yamemkata sauti.  Akaanza kupiga mlango kwa ngumi, na hapo akasikia ndani kitu kimekwaruza, kama kiti kilichosogezwa, kisha kikatulia. Ndipo akatambua anachofanya. Mwaka wa sabini na mbili, kwao Burundi, kaka zake mzee walichukuliwa na watu waliogonga mlango kwa ngumi. Mzee mwenyewe ndiye aliyewasimulia. Léoncie aliteremsha mikono, akapiga magoti, akaweka mdomo penye tundu la ufunguo.

"Baba, ni mimi Léoncie, mtoto wako wa ubatizo. Niko peke yangu. Nifungulie, nakuomba."

Ilichukua muda. Nyayo zilikuja zikiburuta, mkono ukapapasa mlango kutoka juu mpaka chini, ukakuta kufuli, ukahangaika nalo.

"Mwanangu," alisema Mzee Polycarpe alipofungua. "Umekuja mwenyewe! Kabla yako walikuja watu wengine hapa wakagonga vibaya sana. Sikufungua. Wameondoka."

 Léoncie alimshika uso kwa vifundo vya mikono, maana vidole vilivyochuma pilipili hakuthubutu kuvitumia, akamgeuzia kwenye mwanga uliobaki mlangoni. Jicho la kulia lilikuwa na maji. Chozi limeteremka mpaka kwenye mkunjo wa pua. Na nyuma yake, mezani, mfuko ulikuwa umefunguliwa, nyanya zimepangwa, na kichupa cheupe kimesimama bila kifuniko.

"Umeweka?" Sauti ilimtoka nyembamba. "Baba, umeshaweka?"

"Nimeweka."

 Akajishika kwenye fremu ya mlango.

"Nimeweka, na imenikolea hasa," mzee aliendelea. "Toka asubuhi nilikuwa sina hamu ya kula. Nimefungua, nikasikia harufu, nikasema kumbe leo wamenikumbuka na pilipili! Nimekula maharage sufuria nzima. Nimetokwa na machozi mpaka sasa."

"Umeweka kwenye maharage."

"Ningeweka wapi?"

Léoncie alikaa chini, palepale mlangoni, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, kelele mbaya isiyo na mpango, na mzee akasimama juu yake anauliza kuna msiba gani. Alipoweza kuongea alimweleza yote: vichupa, Houston, nyama choma ya mawifi, barabara. Mzee alisikiliza kwa makini. Léoncie alipofika kwenye lori, mzee alicheka, akapiga paji lake la uso. "Wewe? Kwenye barabara ile? Basi leo Apolonia angepiga vigelegele."

Léoncie aliinuka, akajipangusa kwa mkono wa blauzi. Alijisikia mwepesi, mwenye njaa hata. Alifunga kichupa cha pilipili na kukitia mfukoni. "Sasa dawa yenyewe iko Houston. Tone la leo utaweka lipi? Kile cha mwezi uliopita kimebaki?"

"Kimebaki," mzee alisema.

"Kiko wapi?"

"Frijini. Lakini hakuna haraka, keti kwanza."

Chumbani kulikuwa kumeanza kuwa kiza, naye Léoncie alipapasa ukuta akitafuta swichi, akaikosa, akaona ni rahisi zaidi kufungua friji. Taa yake ikawaka. Ndani kulikuwa na maziwa, sufuria, na mlangoni, pale panapowekwa mayai, vichupa vyeupe vimesimama mstari. Alichukua kimoja. Ule utepe wa plastiki unaozunguka kifuniko ulikuwa haujakatwa. Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu. Vyote vilikuwa hivyohivyo, vizima, kama alivyovitoa kwenye maboksi yake kwa mkono wake mwenyewe, mwezi hadi mwezi, tangu matanga ya Apolonia. Na ndipo akakumbuka kwamba tangu matanga hayo hakuwahi kuingia humu ndani.

"Baba, hizi hazijafunguliwa."

"Nimezitunza vizuri. Ni dawa ya ghali, sikutaka kuiharibu."

"Hujaweka hata tone?"

Mzee alitafuta kiti kwa mkono, akaketi.  "Apolonia ndiye alikuwa ananiwekea," alisema. "Mimi mikono inatetemeka. Naelekeza kwenye jicho, linaangukia shavuni, linaangukia ndevuni. Chupa nzima ilikwisha hivyo. Nikaona naichezea dawa ya watu."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Nasikia mlango umegongwa, nainuka. Na mimi siku hizi kuinuka kwangu ni polepole, mwanangu. Nikifika, nakuta mfuko."

Alilisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Léoncie alitaka kumtaja Salvator na zamu yake, umbali, barabara. Kila neno alilolitafuta lilikuwa la aibu. Alisimama na vichupa mkononi, hewa ya friji inampiga miguuni, na ile hofu aliyodhani ameiacha mlangoni ikarudi. Barabarani aliogopa jambo ambalo lingeweza kutokea. Sasa alikuwa anaogopa lililokwisha kutokea, tena taratibu, wakati yeye anachuma nyanya.

"Unaniona, Baba?"

"Nakuona vizuri tu," mzee alisema upesi mno.

Léoncie hakutaka kumwuliza nimevaa nini. Hakutaka kumwonyesha vidole. Aliogopa majibu.

"Haya, usikae sana," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ya baba, yenye kujali. "Pilipili sijaitia machoni, niko salama, umeona mwenyewe. Barabara ile unaiogopa mchana, usiku je? Ondoka sasa hivi, jua lingali lipo."

Alikuwa ameinua uso akitabasamu, na uso huo ulikuwa umeelekea moja kwa moja kwenye friji. Mwanga mweupe wa ile taa ulimwangukia kwenye paji, kwenye ndevu, kwenye jicho la kulia lililo wazi. Léoncie aligeuka kutazama dirisha. Jua lilishazama. Nje kulikuwa giza tupu, na taa za magari zinapita chini barabarani.



"Ndiyo, Baba," alisema. "Lingali lipo. Sina haraka. Kaa hivyohivyo nikuwekee tone la leo."

Akaacha friji wazi, akaenda kwenye sinki. Alinawa kwa sabuni kutoa pilipili vidoleni. Akajipaka mafuta ya kupikia mpaka kwenye viganja, akayafuta, akanawa tena, akasugua kila ukucha, kisha akaweka ncha ya kidole kwenye jicho lake mwenyewe kujaribu. Likawaka moto. Akauma mdomo asipige kelele, akafungua bomba, akaanza upya.